Swali la Kuwa katika Lugha za Kibantu: Alexis Kagame na Urithi wa Falsafa ya Seminari

Wanaisimu wa lugha za Kibantu hutumia kila siku jina ambalo lenyewe ni hoja. Wilhelm Bleek alipolipa kundi hili la lugha jina la "Bantu" katika karne ya 19, alichukua shina -ntu, akaliwekea kiambishi cha wingi wa watu, akapata jina la ukoo mzima wa lugha. Kwake yeye shina hilo lilikuwa ushahidi wa udugu wa lugha, basi. Takriban miaka 100 baadaye, padre mmoja wa Rwanda alilichukua shina lile lile akaliuliza swali ambalo si la kiisimu kwa asili yake. Katika Kinyarwanda, alisema, mtu ni umuntu, kitu ni ikintu, mahali ni ahantu, na namna ya jambo kuwa ni ukuntu. Viambishi vyabadilika, shina labaki. Je, hilo linalobaki ni nini?

Padre huyo ni Alexis Kagame (1912–1981). Makala haya yanakusudia kuonyesha swali lake lilikotoka, jinsi alivyolijibu, na uzito wa jibu lake likipimwa kwa mizani ya Kiswahili, lugha ambayo yeye hakuifanya kiini cha utafiti wake. Inafaa kusema mapema kwamba jedwali lake la kategoria nne, ambalo ndilo lililomletea sifa, kwa maoni yangu halisimami nje ya Kinyarwanda. Lakini njia aliyoipita kulifikia ina thamani kubwa kuliko jedwali lenyewe, na ni njia ambayo idara za lugha zimeiacha ikaota nyasi.

Swali la namna hiyo halizuki hivi hivi. Lina mwalimu wake. Tarehe 4 Agosti 1879 Papa Leo XIII alitoa waraka uitwao Aeterni Patris, akiagiza kwamba falsafa ya Thomas Aquinas, mtawa Mdominiko aliyefariki mwaka 1274, irudishwe kuwa msingi wa mafunzo katika shule za Kanisa Katoliki. Miaka 10 baadaye, mwaka 1889, Désiré Mercier alianzisha taasisi ya falsafa katika chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji, na mkondo huo mpya wa mafunzo ya kale ukapata nguvu katika nchi iliyokuwa karibu kutawala Kongo na baadaye Rwanda na Burundi. Matokeo yake kwa Afrika ni haya: kijana aliyeingia seminari kuu, iwe ni Katigondo katika Uganda, Kipalapala katika Tanganyika au Nyakibanda katika Rwanda, alisoma falsafa ile ile iliyosomwa Roma, kwa Kilatini kile kile, na kwa utaratibu ule ule wa fasili kwanza, kisha mgawanyo, kisha pingamizi, kisha jibu la pingamizi. Swali lililotangulia mengine yote lilikuwa la kuwa: kuwa ni nini, na mambo yaliyopo yamegawanyika katika aina ngapi?

Mfumo huo umelaumiwa sana, na lawama nyingi ni za haki. Ulimfundisha Mwafrika kubishana na wazushi wa Ulaya ya kale kabla ya kumruhusu azungumze na babu yake. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba katika nchi zilizotawaliwa na Ubelgiji seminari ndiyo iliyokuwa shule ndefu kuliko zote kwa mwenyeji. Chuo kikuu cha Lovanium, karibu na Léopoldville, kilianza mwaka 1954 tu, nacho kilikuwa mwana wa Louvain. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, wananchi wake wenye shahada za chuo kikuu walikuwa wachache mno, hali mapadre wazalendo waliopitia miaka ya falsafa na teolojia walikuwa mamia. Kwa hiyo mjadala wa kwanza mkubwa wa falsafa katika Afrika ya Kati ulianzishwa na makasisi kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyefunzwa kuuanzisha.

Aliyewasha moto alikuwa Mbelgiji. Placide Tempels, mtawa Mfransisko, alifika Kongo mwaka 1933 akafanya kazi Katanga miongoni mwa Waluba. Kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1945 katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kisha kikachapishwa Paris na Présence Africaine mwaka 1949. Hoja yake kuu ni fupi: kile ambacho Mzungu hukiita kuwa, Mbantu hukiona kuwa ni nguvu, kilicho ni nguvu, na nguvu hupanda au hushuka. Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Katanga hakupendezwa na mafundisho haya. Aimé Césaire naye, kutoka upande mwingine kabisa, alikishambulia kitabu hicho kwa kuwa kilimpa mkoloni njia ya kumheshimu Mbantu kwa maneno huku akimnyima haki zake za mali na utawala. Kwa mwanaisimu, kasoro ya Tempels ni nyingine. Alizungumza juu ya Wabantu wote, lakini alitoa ushahidi mchache sana wa lugha. Msomaji haambiwi ni sentensi gani za Kiluba zinazothibitisha kwamba kuwa ni nguvu.

Hapa nataka kutia neno moja la kando. Tempels huyo huyo, katika miaka ya 1950, alikuwa chanzo cha kundi la waamini lililoitwa Jamaa, lililoanzia Kolwezi katika kambi za wachimba migodi. Mafundisho ya Jamaa yalitolewa kwa Kiswahili cha Katanga, na maneno yake matatu makuu yalikuwa uzima, uzazi na mapendo. Johannes Fabian aliyachunguza mafundisho hayo katika kitabu chake cha mwaka 1971. Inashangaza kwamba wanafalsafa waliobishana kwa miaka mingi juu ya kitabu cha Kifaransa cha Tempels mara chache walijishughulisha na maneno hayo matatu ya Kiswahili, ambayo wafanyakazi wa migodi waliyatumia, wakayafasiri, wakayabishania wao kwa wao. Ikiwa tunatafuta falsafa iliyofikiriwa kwa Kiswahili katika karne ya 20, huko palikuwa pa kuanzia.

Turejee kwa Kagame. Alisoma katika seminari ndogo ya Kabgayi, kisha Nyakibanda, akapewa upadre mwaka 1941, akawa mhariri wa gazeti la Kinyamateka. Alikuwa mshairi kabla ya kuwa mwanafalsafa, naye alitunga kwa Kinyarwanda utenzi mrefu juu ya uumbaji, Umuririmbyi wa Nyiribiremwa. Vilevile alikusanya mashairi ya ua wa wafalme, na uchunguzi wake juu ya mashairi hayo ulichapishwa mwaka 1951. Mwaka 1952 alikwenda Roma, na mwaka 1955 alipata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Gregoriana. Tasnifu yake, La philosophie bantu-rwandaise de l'Être, ilichapishwa Brussels mwaka 1956. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda huko Butare tangu kilipofunguliwa mwaka 1963, na mwaka 1976 alitoa kitabu cha pili, La philosophie bantu comparée, kilichopanua uchunguzi hadi lugha nyingi za Kibantu. Maandishi yake ya historia yamesomwa kwa tahadhari, kwa kuwa aliitazama Rwanda akiwa amesimama katika ua wa mfalme. Hilo ni kweli, wala halihitaji kufichwa. Katika falsafa, hata hivyo, shahidi wake mkuu ni sarufi, na sarufi ni mali ya mtawala na mtawaliwa.

Kagame alitaka kuhakikisha madai ya Tempels, si kuyarudia. Sharti alilojiwekea ni kwamba asiyeonyesha lugha maalumu ya watu maalumu hana haki ya kusema juu ya fikra zao. Akaanza na ngeli. Aliona kwamba nomino zote za Kinyarwanda, pamoja na wingi wa ngeli zake, zaweza kurejeshwa katika maswali manne: ni kilicho na akili? ni kilicho bila akili? ni wapi na lini? ni vipi? Majibu yake ni umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Kisha akaliweka jedwali hilo kando ya orodha ya Aristotle, ambayo kila mseminari aliijua kwa moyo: dhati, kiasi, sifa, uhusiano, mahali, wakati, mkao, umiliki, kutenda na kutendwa. Dhati ya Aristotle, alisema, Mbantu huigawa mara mbili, yaani umuntu na ikintu. Mahali na wakati, ambavyo Mgiriki alivitenga, Mbantu huviunganisha katika ahantu. Zile saba zilizobaki zote huingia katika ukuntu. Mwenyezi Mungu, aliyetangulia vyote, hakumtia katika kundi lolote, kwa kuwa yeye si -ntu.

Mtu asiyependa mambo ya seminari ataona hapa Aristotle aliyevishwa nguo za Kinyarwanda. Ndivyo Okot p'Bitek alivyoelekea kuwaona wasomi wa Kikristo kwa jumla katika kitabu chake cha mwaka 1970, alipowashutumu kwa kuivalisha miungu ya Waafrika mavazi ya Kigiriki. Lakini upo upande wa pili. Mwaka 1958, miaka miwili baada ya kitabu cha Kagame, Émile Benveniste wa Paris alitoa makala mashuhuri akidai kwamba kategoria za Aristotle si za fikra tupu bali ni kategoria za lugha ya Kigiriki, na akatumia vitenzi vya Kiewe cha Afrika Magharibi kuonyesha kwamba kuwa kwaweza kugawanywa kwa njia nyingine. Wazo kwamba Aristotle aliongozwa na sarufi lilikuwapo hata katika karne ya 19, kwa Trendelenburg wa Ujerumani. Maana yake ni kwamba Kagame alipoliweka jedwali la Kinyarwanda kando ya la Kigiriki, alikuwa amelishusha lile la Kigiriki kutoka kiti chake bila kupiga kelele. Ikiwa kumi za Aristotle zatokana na Kigiriki, na nne za Kagame zatokana na Kinyarwanda, basi hakuna moja iliyo sheria ya akili ya binadamu wote. Sidhani kwamba wakuu wake wa Roma walilitazamia hilo.

Sasa tulipime jedwali hilo kwa Kiswahili.

Kategoria ya tatu ndiyo iliyo imara zaidi. Kiswahili kimepoteza neno lenye umbo la ahantu. Mahali pake pamechukuliwa na neno la Kiarabu, nalo ni hilo hilo "mahali". Lakini sarufi imelitawala neno hilo geni kabisa: twasema mahali hapa pazuri, mahali pengine, mahali palipopotea. Neno ni la kukopa, upatanisho ni wa Kibantu. Tena -po- hiyo hiyo ya mahali ndiyo ya wakati. "Alipokaa" yaweza kuwa pale ambapo alikaa, na yaweza kuwa wakati alipokaa; muktadha tu ndio unaoamua. "Hapo" ni pale, na "hapo kale" ni zamani. "Papo hapo" ni wakati ule ule. Mswahili hahitaji mwanafalsafa amwambie kwamba mahali na wakati ni ndugu. Kitenzi chake kilikwisha kumwambia. Katika jambo hili naona Kagame amepata.

Kategoria ya nne haina bahati hiyo. Kiswahili hakina neno linalolingana na ukuntu la Kinyarwanda. Namna ya jambo huelezwa kwa jinsi, namna, vile, na kwa kirejeshi -vyo-: nieleze ulivyofanya. Husemwa pia kwa vi- katika "vizuri" na "vibaya", na kwa ki- katika "kizungu", "kiungwana", "kitoto". Hizo ki- na vi- ni zile zile za kitu na vitu. Kwa maneno mengine, katika Kiswahili kategoria ya pili na ya nne za Kagame zinavaa kiambishi kimoja. Gikuyu nayo yatuletea ushahidi mkali zaidi. Ina mũndũ, kĩndũ na handũ, sawasawa na alivyotazamia Kagame. Lakini kũndũ, ambalo kwa umbo ndilo ndugu wa ukuntu, lina maana ya mahali, hasa mahali pengi au pasipobainishwa. Tena ina ũndũ, yaani jambo, ambalo halina nafasi katika jedwali lake. Ngeli zilezile, katika lugha mbili za ukoo mmoja, zimefanya kazi mbili. Yeyote anayetaka kusoma falsafa ya Wabantu wote katika kiambishi ku- hana budi kueleza jambo hili, na sioni maelezo ambayo hayatalivunja jedwali.

Lililo zito kuliko yote ni mpaka baina ya umuntu na ikintu. Kagame aliuweka mpaka huo katika akili. Mnyama, mti na jiwe vyote ni ikintu, kwa kuwa havina akili. Binadamu peke yake ni umuntu. Ni mgawanyo ambao mwalimu yeyote wa seminari angeupokea kwa furaha, maana wafanana sana na fasili ya kale ya binadamu kuwa mnyama mwenye akili. Lakini mwulize Mswahili kama mbwa wake ni kitu. Atasita. Atasema ni mnyama, au ni kiumbe. Na sarufi yake itamuunga mkono: mbwa wangu amelala, ng'ombe hawa wananenepa, mdudu yule ameruka. Viumbe vyote vyenye uhai, hata vile ambavyo kwa umbo ni vya ki-, hupatana kama watu: kipofu huyu, kiziwi wangu, kifaru amekuja. Hata neno "kiumbe" lenyewe, ambalo Waislamu na Wakristo wa pwani na bara hulitumia kwa kila kilichoumbwa na kupuliziwa uhai, lina umbo la kitu na upatanisho wa mtu.

Hapa ndipo ugomvi wetu wa zamani juu ya ngeli unapopata maana ambayo pengine hatukuitarajia. Kwa muda mrefu tumebishana kama ngeli za Kiswahili zihesabiwe kwa viambishi vya nomino au kwa upatanisho wa kisarufi. Tuliudhani ni ugomvi wa walimu, wa M-WA dhidi ya A-WA. Lakini tazama matokeo yake. Ukihesabu kwa viambishi, waweza kufuata nyayo za Kagame na kuusimamisha mpaka katika akili, ingawa vipofu na viziwi watakusumbua. Ukihesabu kwa upatanisho, mpaka wa Kiswahili unasimama katika uhai. Mstari mmoja wapita baina ya mtu na ng'ombe; mwingine wapita baina ya ng'ombe na jiwe. Hizo ni picha mbili tofauti za ulimwengu, na uchaguzi baina yake umefichwa ndani ya swali la jinsi ya kupanga nomino.

Jambo la pili alilolichunguza Kagame ni kitenzi cha kuwa chenyewe. Aliona kwamba -li na -ba za Kinyarwanda haziwezi kusimama peke yake kwa maana ya kuwapo, hudai kijalizo. Ili kusema kwamba kitu kipo, Kinyarwanda huongeza kiambishi cha mahali: kubaho. Kiswahili ni vivyo hivyo. "Juma ni" si sentensi, msikilizaji angoja. "Juma yupo" ni sentensi, lakini imejengwa kwa -po. Kutokana na hayo Kagame alionyesha kwamba kauli maarufu ya Descartes, kwamba ninafikiri na kwa hiyo nipo, ikitiwa katika lugha ya Kibantu humfanya msikilizaji aulize: upo wapi? Hoja hii ina ladha, nami nimeona wanafunzi wakiifurahia. Hata hivyo nadhani imebeba zaidi ya inavyoweza. Muumini akisema Mungu yupo, hakuna amwulizaye yupo wapi, isipokuwa mtoto au mbishi. Katika matumizi hayo -po imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya umahali wake. Tena Kilatini, lugha mama ya seminari, kilificha mahali katika neno lake lenyewe, kwa kuwa existere asili yake ni kusimama nje, kujitokeza. Na Kifaransa alichoandikia Kagame husema il y a, ambayo y yake ni ya mahali. Lugha nyingi hupita katika mahali ziendapo kwenye kuwa. Zinachotofautiana ni kwamba baadhi zimefuta nyayo na nyingine zimeziacha zionekane. Kiswahili ni katika hizi za pili, tena kinatulazimisha kuchagua baina ya yupo, yuko na yumo, uchaguzi ambao Descartes hakuwa nao.

Limebaki jambo ambalo Kiswahili kinalileta na Kinyarwanda hakilileti kwa uzito huo huo, nalo ni maneno ya kukopa. Kagame alitafuta ushahidi katika maneno ya asili. Anayefanya hivyo katika Kiswahili hujinyima nusu ya msamiati wa fikra: akili, nafsi, roho, dhati, sifa, hali, sababu, maana, wakati. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na si Mkatoliki, alipoeleza mwaka 1969 dhana ya Waafrika juu ya wakati, alitumia sasa na zamani kuwa istilahi zake. Na zamani ni Kiarabu. Sioni aibu yoyote hapo. Aristotle aliwafikia Waarabu kabla ya kuwafikia walimu wa Paris, na Thomas Aquinas mwenyewe, alipoandika juu ya kuwa na dhati, alikuwa na Ibn Sina mkononi. Maneno ya mjadala ule yalifika pwani yetu kwa njia ya elimu ya Kiislamu, katika mafundisho ya dhati na sifa za Mungu, karne nyingi kabla ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu kutua Zanzibar na Bagamoyo katika miaka ya 1860. Mengine yalifika yakiwa yamepungukiwa: jawhar, ambalo kwa wanafalsafa wa Kiarabu ni dhati na kwa sonara ni kito, kwetu limebaki kwa sonara tu, nalo ni johari. Mapadre walipotafuta neno la Kiswahili kwa persona za Utatu, walichukua nafsi. Na walimu wa sarufi nao wana nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kilatini kilikuwa kimetumia persona kwa kazi hizo hizo mbili. Kwa substantia, kinyume chake, hawakuchukua dhati. Walitia u- mbele ya Mungu wakapata umungu, kama vile mtu huzaa utu. Hapo waliokopa na waliounda wamekaa jamvi moja, na aliyesoma kamusi ya Charles Sacleux, padre wa shirika hilo la Roho Mtakatifu, iliyotoka kati ya mwaka 1939 na 1941, ataona jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ya subira.

Wakosoaji wa Kagame hawakukawia. Fabien Eboussi Boulaga, Mjesuiti wa Kamerun wakati ule, alimshambulia Tempels mwaka 1968, na Paulin Hountondji wa Benin, katika kitabu chake cha mwaka 1976, alikataa wazo zima la falsafa ya kabila inayofikiriwa na kila mtu bila mtu yeyote kuitamka. Falsafa, alisema, ni maandishi ya watu wenye majina wanaojibizana. Hata hivyo alimtendea Kagame kwa heshima kuliko alivyomtendea Tempels, kwa kuwa aliona angalau ushahidi unaoweza kukaguliwa. V. Y. Mudimbe, aliyewahi kuwa katika monasteri ya Wabenedikto nchini Rwanda katika ujana wake, na D. A. Masolo wa Kenya, waliendelea na uchambuzi huo katika vitabu vyao vya mwaka 1988 na 1994. Nakubaliana na Hountondji katika shina la hoja yake: sarufi si falsafa. Lakini yeye hakuwa na haja ya ngeli, na kwa hiyo aliutupa mkoba pamoja na vilivyomo. Sarufi ni maswali yaliyokwisha kujibiwa kimya kimya na vizazi vilivyopita. Mwanafalsafa aweza kuyafufua na kuyakataa majibu yake. Kagame alifanya la kwanza kwa ustadi na hakuthubutu kufanya la pili.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu lugha za wenyeji katika liturujia. Misa ikaingia katika Kiswahili na kukaa kwa raha. Falsafa haikufuata. Katika seminari kuu za Kenya na Tanzania ilihama kutoka Kilatini kwenda Kiingereza, na taasisi ya juu ya Kikatoliki iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1984, ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika ya Mashariki, ilichukua lugha hiyo hiyo. Vyuo vya serikali navyo havikufanya tofauti: H. Odera Oruka aliwahoji wazee wenye hekima wa Kenya katika lugha zao, lakini kitabu kilichotoka mwaka 1990 ni cha Kiingereza. Hivyo kizazi cha Kagame, kilichosoma kwa Kilatini kigumu, kilijikuta kikirudi kwenye lugha ya mama kutafuta ushahidi, na vizazi vilivyosoma kwa Kiingereza chepesi zaidi havikuona sababu ya kurudi. Kwa upande wetu, idara za lugha zilibaki na ngeli bila swali, nazo idara za falsafa zikabaki na swali bila ngeli.

Kagame alifariki hapa Nairobi tarehe 2 Desemba 1981. Miaka michache baadaye, katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya, na kila mtoto akaanza kufundishwa ngeli kwa njia ya upatanisho. Mwanafunzi huambiwa kwamba kipofu, kifaru na kiumbe huingia katika A-WA ingawa vina umbo la KI-VI. Akiuliza sababu, mwalimu hujibu kwamba ni kwa kuwa vina uhai. Jibu hilo si la sarufi. Ni jibu juu ya mpaka uliopo kati ya vilivyopo, linapingana na jibu la Kagame, na limetolewa kwa Kiswahili.